Redio na nyota si njia mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowahusu vijana wetu na elimu ya ufundi. Mjukuu wangu, msichana wa kidato cha pili katika shule moja ya hapa Kigoma, aliomba kujiunga na klabu mbili za shuleni kwao: klabu ya elektroniki, ambako wanafunzi hujifunza kuunda redio ndogo, na klabu ya elimu ya nyota, yenye darubini moja iliyotolewa na mfadhili. Aliambiwa achague moja, na akakumbushwa kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Simlaumu mwalimu aliyemjibu hivyo, maana methali ile ni ya kweli, na kila mwaka walimu wanaona watoto wanaorukia kila kitu wakafika mwisho wa muhula hawana walichokishika. Ila katika jambo hili la redio na nyota naamini njia ni moja, nami nimeipita kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa hiyo naomba nieleze ninachokijua.

Kwa riziki yangu nilikuwa fundi redio pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, hadi macho yalipochoka na kazi ya kuchomea waya kwa risasi ya kuyeyusha. Kwa mapenzi yangu mimi ni msikilizaji wa mawimbi mafupi, na hasa wa watu wa redio ya ridhaa. Kwa wasiowafahamu, hawa ni watu binafsi wanaozungumza kwa redio kutoka majumbani mwao bila malipo, kwa kupenda tu, kama wale mabondia wa ngumi za ridhaa. Hupewa leseni na mamlaka ya nchi yao, ambayo kwetu ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kila kituo kina alama yake ya kujitambulisha. Alama za Tanzania huanza na 5H. Kabla ya Uhuru, Tanganyika ilikuwa VQ3. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, ni 9Q, na Burundi ni 9U.

Katika miaka yote ya kuwasikiliza nimegundua kwamba mazungumzo yao, yakishapita salamu na taarifa ya jinsi wanavyosikika, hugeuka kwa urahisi na kuwa mazungumzo ya mambo mengine ya ufundi. Nimemsikia mtu wa Afrika Kusini akimweleza mwenzake wa Italia jinsi alivyosugua kioo cha darubini yake kwa mikono kwa miezi kadhaa. Wengine hupima mvua, wengine huunda vifaa vya umeme wa jua, wengine huandika programu za kompyuta. Lakini nyota ndizo zinazorudi mara nyingi zaidi.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba redio yenyewe inategemea anga. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Ujiji, na alikuwa na redio kubwa ya kasha la mbao iliyokaa juu ya kabati. Mchana redio ile ilikuwa na vituo vichache, na hata Redio Tanzania Dar es Salaam tulikuwa tukiipata kwa kuihangaikia. Lakini kati ya magharibi na isha mambo yalibadilika: mshale ulipopita mahali palepale ambapo mchana palikuwa na mkwaruzo mtupu, sasa palijaa sauti za Kifaransa, za Kiarabu, za Kireno, na za lugha ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuzitaja. Nilikuwa nikiamini kwamba watangazaji wa nchi za mbali huanza kazi jioni. Baba, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alinisahihisha kwa kuniambia kwamba redio inangoja jua lizame, na maneno hayo, ambayo kwake yalitokana na kutazama tu, ndiyo maelezo ya kitaalamu yenyewe yakifupishwa.

Mionzi ya jua inapoipiga hewa nyembamba iliyo juu sana, kuanzia kama kilomita 60 kwenda juu, huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, na hewa hiyo hufanya matabaka yanayoweza kuyaathiri mawimbi ya redio. Eneo hilo huitwa ionosfea. Tabaka lake la chini kabisa mchana huyameza mawimbi ya masafa ya chini, yaani yenye mitetemo michache zaidi kwa sekunde, kabla hayajafika juu. Jua likizama, tabaka hilo hupotea upesi, kwa sababu hewa ya pale bado ni nzito kiasi na elektroni hukutana tena na atomi bila kukawia, ilhali tabaka la juu, lililo kwenye kimo cha kilomita 300 hivi, hubaki usiku likiyarudisha mawimbi ardhini, na hivyo sauti huruka kutoka nchi hadi nchi. Edward Appleton wa Uingereza alithibitisha kuwapo kwa matabaka hayo mwaka 1924 kwa kutumia mawimbi ya kituo cha BBC, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia haraka, ndiyo maana badiliko lile nililisikia likianza na kukamilika kabla mama hajaepua ugali.

Mtu akishalielewa hilo hawezi tena kukaa na redio bila kujiuliza jua liko wapi, na si hapa tu, bali pia kule anakotaka kumsikia mtu. Wanaozungumza na watu wa nchi za mbali huutafuta ule ukanda wa machweo na mapambazuko unaoizunguka dunia, kwa kuwa vituo viwili vilivyo ndani ya ukanda huo kwa wakati mmoja mara nyingi husikilizana vizuri kuliko saa nyingine. Kwa hiyo utakuta ukutani kwao ramani ya mchana na usiku, na utakuta wanajua kwamba hapa Kigoma, nyuzi tano kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hufika utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba. Mtu anayejua mambo hayo kwa ajili ya redio yake amekwisha kuanza kusoma elimu ya nyota hata kama hajawahi kushika darubini.

Kutoka kwenye machweo msikilizaji huingia kwenye madoa ya jua. Heinrich Schwabe, mfamasia wa mji wa Dessau huko Ujerumani ambaye utazamaji wa anga ulikuwa mapenzi yake, alilitazama jua kila siku iliyokuwa na anga safi kuanzia mwaka 1826 akitafuta sayari ambayo haikuwapo, na mwaka 1843 akatangaza kwamba idadi ya madoa hupanda na kushuka kwa zamu ya miaka kama kumi. Leo tunajua wastani wake ni miaka 11. Madoa yakiwa mengi, jua hutoa mionzi inayoiimarisha ionosfea, na masafa ya juu kama megahezi 28 hufunguka kiasi kwamba mtu mwenye mtambo mdogo wa nguvu ya balbu moja anaweza kusikika bara jingine. Yakipungua, masafa hayo hunyamaza. Ninalo daftari la kila jioni ninayosikiliza, na kurasa za megahezi 28 za miaka ya 2018 na 2019 karibu zote ni tupu. Zamu mpya ya jua ilianza Desemba 2019, na kuanzia mwaka 2022 hazinitoshi. Ndipo nilipoanza kuyahesabu madoa mwenyewe, kwa kuliacha jua lipite kwenye darubini ya mkononi na kuiangusha picha yake juu ya karatasi nyeupe uani. Naomba kila mzazi aelewe kwamba hii ndiyo njia ya kufuata, kwa kuwa kulitazama jua kupitia kioo chochote cha kukuza hupofusha mara moja.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, saa nne ikiwa imekaribia, redio yangu ilinyamaza. Betri ilikuwa nzima, antena ilikuwa mahali pake, na taa ya kifaa ilikuwa inawaka, lakini mawimbi mafupi yote yalikuwa yamekufa, hata ule mkwaruzo wa kawaida ulikuwa umepungua. Jua lilikuwa limelipuka, na mionzi yake ilikuwa imeliimarisha lile tabaka la chini likameza kila kitu upande wa dunia uliokuwa mchana. Baada ya muda sauti zilirudi kidogo kidogo, na usiku huo dunia ikapata dhoruba ya sumaku kubwa ambayo mianga yake ilionekana angani katika nchi nyingi ambazo hazijazoea kuiona. Kinyume chake nilikisikia tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua, wakati wenzetu wa Rujewa mkoani Mbeya walipoona duara la pete na sisi huku tukabaki na jua la umbo la mwezi mchanga. Kuelekea saa sita mchana, kituo cha mbali ambacho kwa kawaida hukipata baada ya magharibi kilianza kupanda taratibu, kikasikika kwa muda, kisha kikazama jua lilipojaa tena. Wakati majirani wamesimama barabarani na vioo vyao vyeusi, mimi nilikuwa nikikipata kivuli cha mwezi kwa masikio. Tangu siku hiyo sijaweza kutenganisha mambo haya mawili hata kama ningetaka.

Historia nayo inasema hivyohivyo. Elimu ya kuzichunguza nyota kwa redio ilizaliwa kwa sababu ya mkwaruzo katika simu. Karl Jansky, kijana mhandisi wa maabara za kampuni ya Bell huko New Jersey, Marekani, alipewa kazi ya kutafuta chanzo cha kelele zilizosumbua simu za redio kuvuka Bahari ya Atlantiki. Akaunda antena kubwa iliyozunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford, akaiacha ikizunguka mara moja kila dakika 20, akaandika. Alitambua kelele za radi za karibu na za mbali, na zaidi ya hizo akapata mvumo hafifu ambao haukuwa na mwenyewe. Mwanzoni alidhani unatoka kwenye jua, lakini kila siku ulifika kileleni mapema kidogo kuliko jana, kwa tofauti ya dakika nne. Mwenzake mmoja aliyekuwa akisoma elimu ya nyota, Albert Skellett, ndiye aliyemweleza maana ya dakika hizo nne: nyota hurudi mahali pake baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo mvumo ule ulikuwa ukienda na nyota. Mwaka 1933 Jansky alitangaza kwamba ulitoka kwenye Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, upande wa kundi la nyota liitwalo Mshale.

Kisa hiki nampenda sana kumsimulia mjukuu wangu, kwa kuwa hapa Ujiji mkulima yeyote wa zamani angeweza kumsaidia Jansky. Wazee waliolima kwa kukitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota, walijua kwamba kila usiku saa ileile hukuta kimepanda zaidi ya jana yake, na dakika nne za kila siku zikikusanywa kwa mwezi mzima hufika saa mbili. Mhandisi alikuwa na vipimo, na mwenye elimu ya nyota alikuwa na maana yake. Kama wangekaa katika vyumba viwili vilivyofungwa, daftari lile lingebaki kuwa orodha ya saa.

Aliyeichukua kazi hiyo hakuwa chuo kikuu wala serikali. Grote Reber wa Wheaton, karibu na Chicago, alikuwa mtu wa redio ya ridhaa mwenye alama W9GFZ, aliyekwisha kuzungumza na nchi nyingi kutoka chumbani kwake na sasa alitaka kusikia kitu cha mbali zaidi ya nchi. Aliomba kazi katika maabara alikofanya kazi Jansky, hakuipata. Basi mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 25, kwa fedha zake mwenyewe alijenga uani kwa mama yake dishi la mbao na mabati lenye kipenyo cha zaidi ya mita tisa, jambo ambalo naamini liliwashangaza majirani kama lingewashangaza wa kwetu. Mchana alikwenda kazini, na usiku wa manane alikaa kwenye vipimo vyake, kwa sababu cheche za injini za magari zilikuwa zikimharibia kazi mchana. Alijaribu megahezi 3,300 akakosa. Akajaribu 900 akakosa. Akateremka hadi 160 na huko akaisikia Njia Nyeupe. Kwa karibu miaka kumi hakuna mtu mwingine duniani aliyeifanya kazi hiyo kwa bidii kama yake, na ramani ya kwanza ya anga kwa mawimbi ya redio ni yake. Nani aliyemfundisha kuunda kipokezi, kuvumilia kelele na kutokata tamaa anapokosa mara mbili? Ni ile redio ya chumbani.

Baada yake wapo wengi, nitawataja wawili. Martin Ryle wa Cambridge, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 kwa mbinu zake za kuunganisha antena nyingi zikafanya kazi ya moja kubwa, alikuwa mtu wa redio ya ridhaa mwenye alama G3CY. Joseph Taylor wa Marekani, K1JT, aliyeipata mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua nyota mbili zinazozungukana ambazo moja yake hupiga mapigo ya redio kama saa, aliichukua elimu yake ya kuokota ishara hafifu na kuirudisha kwa wenzake wa ridhaa. Mwaka 2017 yeye na Steve Franke walitoa mtindo wa mawasiliano uitwao FT8, ambao kompyuta husoma ujumbe uliozama ndani ya kelele hata sikio lisiweze kujua kwamba kuna mtu. Elimu imekwenda kutoka kwenye redio hadi kwenye nyota na kurudi, ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Hata mwezi na vimondo vimo. Tarehe 10 Januari 1946 wanajeshi wa mawasiliano wa Marekani waliurushia mwezi mawimbi na kuupokea mwangwi wake baada ya sekunde mbili na nusu hivi, ambao ndio muda wa kwenda na kurudi kilomita 384,000 kila upande. Mkuu wa kazi hiyo, John DeWitt, alikuwa mtu wa redio ya ridhaa aliyekwisha kujaribu jambo hilo mwenyewe kabla nchi yake haijaingia vitani. Leo watu wa ridhaa huzungumza kwa kuugonga mwezi, nao lazima wajue saa ya kuchomoza kwake, kimo chake na umbali wake. Wavuvi wetu wa Kibirizi na Katonga wanaujua mwezi kwa shabaha nyingine: dagaa hufuata taa usiku wa giza, na wakati wa mbalamwezi nyavu hupumzika. Nimewaza mara nyingi kwamba mtoto wa mvuvi wa dagaa, aliyezaliwa katika nyumba ambamo kila mtu anajua leo mwezi una siku ngapi tangu uandame, ana nusu ya elimu hiyo tayari.

Kimondo kinapoungua kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 120 huacha mstari wa hewa yenye elektroni, na mstari huo huakisi mawimbi ya FM kwa sekunde moja au mbili. Mtu akiweka redio kwenye masafa ya kituo cha mbali ambacho hakifiki hapa, akasubiri, atasikia mkwaruzo, kisha neno moja la muziki au la mtangazaji, kisha mkwaruzo tena. Vimondo vingi vya Desemba huja tarehe 13 na 14, wakati ambapo Kigoma iko ndani ya mvua na mwenye darubini hana la kufanya isipokuwa kulala. Mwenye redio huvihesabu chini ya mawingu.

Kuhusu setilaiti, vijana wengi hawajui kwamba ile ya kwanza ya watu wa ridhaa, OSCAR 1, iliyoundwa kwa mikono yao na kubebwa kama mzigo wa ziada kwenye roketi, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961, siku tatu tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Haikuwa na la kusema zaidi ya herufi mbili za Morse, nukta nne na nukta mbili, yaani HI, salamu ya Kiingereza, na watu zaidi ya 570 katika nchi 28 waliandika kwamba wameisikia. Tangu Novemba 2018 ipo nyingine, ndani ya setilaiti ya Qatar iliyosimama juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 26 hivi mashariki, na kwa bahati yetu mahali hapo ni karibu utosini mwa Kigoma. Nilipopiga hesabu nilipata kwamba kutoka Ujiji iko nyuzi saba hivi tu kutoka utosini, upande wa kaskazini-magharibi, maana yake dishi lenye kipokezi katikati hulala karibu kama beseni, na msimu wa mvua lazima litobolewe chini ili lisigeuke kisima. Hesabu hiyo ndiyo hesabu ileile ya kuielekeza darubini, na mwanafunzi aliyeielewa upande mmoja hana haja ya kufundishwa upande wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu mawimbi, bali tabia ya mtu. Redio na nyota vyote viwili vinataka mtu anayeweza kukaa usiku peke yake mbele ya kitu hafifu, akakiandika kama kilivyo, pamoja na tarehe na saa, hata siku ambayo hakuna kitu. Vyote viwili havijali cheo. Vyote viwili humlazimisha mtu asiye na fedha nyingi kuunda kwa mikono kile asichoweza kununua, na betri ileile ya volti 12 iliyowasha kipokezi huwasha taa nyekundu ya kusomea ramani ya nyota. Hapa Ujiji tabia hiyo si ngeni. Nakumbuka jioni za tarehe 29 Shaabani, wazee wenye elimu ya falaki wakiwa wamesimama ufukweni wakitazama juu ya milima ya Kongo, mahali jua lilipozama, na sisi vijana nyuma yao tukiwa tumeshika redio sikioni kungoja kama mwezi umeandama kwingine. Macho ya wazee na redio za vijana zilikuwa zikitafuta kitu kimoja, na hakuna aliyetuambia tuchague.

Sisemi kwamba kila mwenye redio anapenda nyota. Ninawafahamu wasikilizaji hodari ambao hawajawahi kuinua uso usiku isipokuwa kuangalia kama antena imekatika, na wapo watazamaji wa nyota ambao redio kwao ni ya taarifa ya habari tu. Wala sisemi mtoto aachiwe kila klabu iliyopo shuleni. Kama mjukuu wangu angetaka redio, mpira wa pete na kwaya kwa muhula mmoja, ningekuwa upande wa mwalimu. Ninachokisema ni kwamba katika jozi hii mwanafunzi hagawanyi nguvu zake. Saa anayoitumia kuelewa kwa nini Radio fulani haisikiki mchana ni saa anayoitumia kulijua jua.

Naomba basi uongozi wa shule hiyo, na wa shule nyingine za Kigoma na Tabora zenye klabu za namna hii, ufikirie kuzikutanisha walau jioni moja kwa mwezi, na kazi ya kuanzia ipo. Sayari ya Mshtarii (Jupita) hutoa milipuko ya mawimbi ya redio yanayofika hapa duniani na yanayosikika kwenye kipokezi cha kawaida cha mawimbi mafupi. Bernard Burke na Kenneth Franklin waliyagundua mwaka 1955 kwenye megahezi 22, na mwanzoni walidhani ni kelele za gari. Kwenye megahezi 20 antena inayotosha ni waya wenye urefu wa mita saba hivi, uliokatwa katikati na kuning'inizwa juu ya nguzo mbili. Milipuko hiyo haitokei kila usiku, kwa sababu inategemea upande ambao Mshtarii imetugeuzia na mahali ulipo mmoja wa miezi yake, Io, kwa hiyo klabu ya nyota itabidi ipige hesabu ya usiku wa kusikiliza na klabu ya elektroniki itabidi iandae kipokezi, na hakuna itakayofanikiwa bila nyingine. Ikisikika, aina moja ya sauti yake ni kama mawimbi ya ziwa yanayofika ufukweni na kurudi, na nyingine ni kama mahindi yakimwagwa juu ya bati.

Kipokezi ninacho, chenye mawimbi mafupi yote, na nitakitoa kwa shule kwa muhula mzima. Waya nimekwisha kuupima na kuukata, mita tatu na nusu kila upande, na nguzo mbili za mianzi zimeegemea ukuta wa nyumba yangu. Mjukuu wangu ameandika kwenye daftari lake usiku anaodhani unafaa. Tunachosubiri ni ruhusa ya kutumia uwanja wa shule baada ya saa mbili usiku.

Wenu mtiifu,
Msikilizaji wa mawimbi mafupi,
Ujiji, Kigoma